Rota Kwenye Mkoba

Mama Turubai alikuwa ameshona mahema mengi mno, wala hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Viti vyote vya magari ya kampuni ile ya safari alivivisha yeye, na mapazia ya kuzuia vumbi, na mifuko ya kuning'iniza chupa za maji. Cherehani chake kilikaa chumba cha nyuma cha gereji, na upande wa pili wa ukuta wa mabati ndipo alipofanya kazi mumewe, Fundi, akiwa amelala chali chini ya gari na miguu nje. Ungemwambia akueleze mumewe alivyo, angeanza na nyayo.

"Tutakwenda," Fundi alimwambia tangu alipokuwa bibi harusi. Na walikwenda kweli, ila hawakufika. Fungate yao iliishia kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu basi lilikohoa njiani na bwana harusi akavua koti akajipenyeza chini. Kwenye harusi ya mdogo wake Mama Turubai, Fundi alifika viti vinakunjwa. Kila mtoto alipozaliwa alikuja kumwona akiwa na grisi mpaka masikioni, analia kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo palipomchosha mkewe. Mume mbaya unamwacha na moyo mweupe, unafunga virago na majirani wanakusaidia kubeba. Huyu hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na magari tu.

Basi mwaka ule msafara mmoja haukujaa watu, na meneja, ambaye siku hiyo sijui alikuwa ameota nini, akawapa wao wawili nafasi zilizobaki. Njia ilikuwa ya kuingia mbugani upande mmoja, kulala humo siku chache, kutokea upande wa pili kwenye mji anaoishi binti yao mkubwa, kisha kurudi nyumbani kwa barabara ya lami. Mama Turubai alipoisikia njia hiyo aliingia chumba cha cherehani, akafunga mlango, akampigia binti simu.

"Sikiliza, mwanangu. Safari hii injini ikiiharibu kama zilivyoharibu nyingine, mimi nashuka kwako. Sirudi."

"Chumba kipo, mama," alisema binti. "Lakini baba umemwambia?"

"Nimwambie baba yako, au niiambie miguu yake?"

Hakuwa anatania. Alifungasha nguo za misimu yote, mikasi yake mizuri, na pasi. Siku ya kuondoka Fundi alilibeba begi lile hadi kwenye gari, akaliinua kwa kuguna na kulisukuma chini ya kiti.

"Mama watoto, tunahamia porini?"

"Porini kuna baridi," alijibu, akapanda.

Dereva wao aliitwa Polepole, na aliyempa jina hilo alikuwa na dhihaka, maana kijana yule akishika usukani hata kona zilimwogopa. Kiti cha mbele alikaa Mwalimu, mama mmoja mwembamba aliyestaafu kufundisha, darubini shingoni, aliyekuja kwa ajili ya ndege tu. Simba kwake walikuwa kelele. Kiti cha nyuma kabisa walikaa maharusi wawili ambao walisinzia bega kwa bega, wakaamka kupiga picha, wakasinzia tena. Ndio hao tu.

Hawajatoka hata nje ya mji Fundi akainua mkono. "Simama. Kuna kitu kinagonga."

Polepole akasimama. Fundi akafungua boneti, akainama, akasikiliza, akaingia chini, akatoka. Mama Turubai aliangalia nje ya dirisha huku akihesabu pumzi zake ili asiseme neno. Kilichokuwa kinagonga ilikuwa chupa ya chai ya Mwalimu, imeviringika chini ya kiti.

Walikwenda kidogo, "Simama" tena. Hii ilikuwa harufu. Bibi harusi alikuwa amepaka rangi ya kucha.

Mara ya tatu hakuna aliyesema simama. Tairi lenyewe lilisema. Lilipasuka katikati ya tambarare isiyo na mti wa kukingia jua, na Polepole alipolishusha tairi la akiba, matundu yake yakakataa kulingana na nati za gari. Lilikuwa tairi la gari jingine kabisa.

"Nani aliweka hili?" aliuliza Polepole.

Fundi alitazama mawingu kama mtu mwenye shamba. Mama Turubai hakuhitaji kuambiwa. Alimjua mumewe akiwa na hatia, alikuwa anageuka mkulima. Waliketi pembeni mwa barabara mpaka trekta la kubeba nyasi likatokea, likamchukua Polepole na tairi lake kwenda kuziba. Maharusi walipiga picha wakiwa kando ya jeki. Mwalimu alisema hajawahi kupata nafasi nzuri kiasi kile ya kumwona korongo akila panzi, na kwamba magari yanayotembea ni adui wa elimu.

Kwa hiyo waliingia mbugani jua limeshalegea. Twiga wanne walivuka barabara mbele yao kwa mwendo wa watu wenye heshima zao, na Mama Turubai akashika mdomo. Alikuwa ameshona picha ya twiga kwenye vitambaa vya viti mpaka vidole vikaota sugu, lakini hakujua kwamba twiga ana kope ndefu namna ile. Aligeuka amwonyeshe mumewe. Mumewe alikuwa amenyoosha shingo kati ya viti vya mbele, macho pima kwenye mshale wa joto la injini.

"Umeona?" alimuuliza.

"Nimeona. Umepanda kidogo, lakini utashuka."

Mama Turubai akageukia dirisha lake. Moyoni alikuwa ameshaanza kupanga cherehani atakiweka upande gani wa chumba kile cha binti.

Kambi ilikuwa uwanda mdogo wenye tangi la maji, jiko la mabati, na askari wa hifadhi mmoja mwenye bunduki kuukuu na sauti ya upole. Walisimika mahema, na mvua ikaja. Ilinyesha kwa fujo, kwa upepo wa pembeni, ile mvua inayotafuta tundu. Mama Turubai alilala chali ndani ya hema aliloshona kwa mikono yake, akapitisha kidole kwenye mshono, pale alipokumbuka uzi ulikatika akaanza upya. Palikuwa pakavu. Alitaka kumwamsha mumewe amwambie, akaona aibu kama msichana, akaacha. Lakini alilala na tabasamu, na asubuhi alikuwa amesamehe chupa ya chai, na rangi ya kucha, na hata tairi.

Siku iliyofuata ilikuwa njema kupita kiasi. Waliona nyati, pundamilia, na simba jike aliyelala miguu juu bila haya yoyote. Fundi alisema "simama" mara moja tu. Jioni walikuwa wamekaa na vikombe vya chai, Mama Turubai ameanza kufikiri kwamba labda, labda kweli, ndipo simu ya Polepole ilipolia.

Pale kambini mtandao ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na simu alikuwa ameiacha huko. Polepole akapanda, akaweka simu sauti ya nje kwa sababu alikuwa na kikombe mkononi, na wote wakamsikia meneja.

"Fundi yupo hapo? Basi kubwa limegoma. Wageni wako barabarani, vijana wa gereji wanaliangalia tu kama televisheni. Kesho asubuhi Polepole amlete langoni, kutakuwa na pikapu ya kumrudisha huku."

"Nakuja," Fundi alisema kutoka kwenye kiti chake, hata kikombe hakukiweka chini.

Hakugeuka kumtazama mkewe. Mama Turubai aliona hivyo. Hasira ya kawaida angeijua, ilikuwa mgeni wake wa siku nyingi. Hii haikuwa hasira. Alihisi amechoka mpaka kwenye mifupa, na kwamba anampenda mtu huyu mwenye mikono ya grisi, na kwamba atashuka kwenye mji wa binti yake peke yake, na itakuwa basi.

"Mama watoto," Fundi alianza.

"Kunywa chai yako, itapoa," alisema, akaingia hemani.

Kulipopambazuka aliamka kabla ya wengine. Hakuwa na mpango wowote. Alikwenda kunawa uso, akapita kando ya gari, akasimama.

Sasa, pale gereji kulikuwa na desturi moja. Gari ambalo kazi yake haijaisha, Fundi alikuwa anachomoa rota, kale kadude kadogo ndani ya kofia ya distribyuta kanakogawa moto kwenye plagi, anakatia mfukoni. Hapo dereva mwenye haraka atazungusha ufunguo mpaka achoke. Gari halitaondoka mpaka Fundi aseme. Na Mama Turubai, aliyemshikia mumewe tochi tangu walipokuwa vijana wembamba, alijua mahali kanapokaa kama alivyojua mfuko wa aproni yake. Gari lile lilikuwa la petroli, la zamani, la kabla ya mambo ya kompyuta.

Kazi hii haijaisha, alijiambia. Safari hii haijaisha.

Akafungua boneti. Vibanio viwili, kofia juu, rota nje. Alikifunga kitu kile kwenye kipande cha kitambaa, akakitia kwenye mkoba wake chini ya biskuti, akaishusha boneti taratibu kwa kuilalia na kifua. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mwizi, na kusema kweli ndivyo alivyokuwa.

Baada ya chai Polepole alizungusha ufunguo. Stata ikalalamika, injini haikushika. Akazungusha tena. Fundi akateremka, akafungua boneti, akafungua kofia, akabaki ameinama.

Aliinama muda mrefu kwa mtu anayetazama mahali patupu. Kisha akainua uso. Hakumtazama Polepole. Alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama kando ya jiko na kikombe kisicho na kitu ndani, anakinywa.

"Rota imeungua," alisema Fundi. "Imekwisha kabisa. Hatuendi popote."

Mama Turubai alikaribia kukiangusha kikombe. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia mumewe akilisingizia gari. Watu aliwadanganya, kama watu wote, kwamba anakuja, kwamba yuko njiani. Gari, hata siku moja.

Polepole akapanda kichuguu, akampigia meneja. Sauti ya meneja ikatawala kambi nzima.

"Imeungua? Ulikagua gari kabla ya kutoka? Hukukagua! Tairi juzi, leo rota! Wewe kijana unataka kumwaga unga wako mwenyewe? Ukirudi uje ofisini na funguo zangu!"

"Bosi, mimi..."

"Na funguo zangu!"

Polepole alisimama juu ya kile kichuguu na mabega yameporomoka. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Alikuwa amewaonyesha picha zake mpaka wakamjua kila jino lisiloota. Mama Turubai akajikaza. Hili hakuwa amelipanga. Alikuwa amemfikiria mumewe tu wakati anafungua boneti, wengine wote walikuwa kama nyasi.

"Mwacheni kijana," alisema kwa sauti. "Ni mimi. Rota haikuungua, nimeitoa mimi. Ipo kwenye mkoba wangu."

Polepole akaiacha simu juu ya kichuguu, akateremka.

"Uko wapi mkoba wenyewe, mama?" aliuliza askari wa hifadhi kwa sauti yake ya upole.

Mama Turubai akaonyesha kamba ya nguo, alipokuwa ameuning'iniza. Kamba ilikuwepo.

"Yule pale," alisema Mwalimu, darubini machoni. "Dume kubwa. Tawi la tatu, anafungua zipu."

Nyani alikuwa ameketi juu ya mti nyuma ya tangi, mkoba mapajani, anaupekua kama ofisa wa mpakani. Ikawa patashika. Polepole alikimbia na sufuria, bwana harusi na kiatu, bibi harusi na simu akirekodi. Mama Turubai alipiga kelele za kila aina. Biskuti zililiwa hapo hapo. Kitana kikatupwa. Miwani ya kusomea ikajaribiwa, ikatupwa. Kisha nyani akafungua kitambaa, akainusa rota, akaitia mdomoni na kuuma kwa nguvu zake zote. Ilisikika ikivunjika mpaka chini. Hakuipenda ladha yake. Vipande vikaanguka ndani ya tope.

"Nini kinaendelea huko?" simu ilipiga kelele kutoka kichuguuni.

"Nyani, bosi," alisema Polepole.

"Nyani gani?"

"Amekula rota, bosi."

Meneja alivuta pumzi ndefu, na ikasikika kwamba kuna mtu mwingine ofisini kwake anacheka. Alisema mwisho, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa, kwamba atatuma rota nyingine na gari la vyakula kesho, kwamba kijana abaki na kazi yake, na kwamba Mama Turubai akirudi watazungumza. "Na basi langu je? Fundi! Unanisikia?"

"Nakusikia, bosi. Sina mbawa."

Askari wa hifadhi akakata simu kwa kidole kimoja.

Mama Turubai alimwomba Polepole msamaha mbele ya wote, na kijana akasema yameisha, ila atakapomsimulia mkewe hataaminiwa. Mwalimu akasema leo ni siku bora kuliko zote kwa vile hakuna atakayemhamisha chini ya mti wenye viota vya chiriku. Maharusi wakarudi kulala. Mama Turubai alikwenda kujificha ndani ya gari bovu, kiti cha nyuma, kwa kuwa hakujua pa kuweka uso wake. Baada ya muda mlango ukafunguliwa, Fundi akaingia, akakaa kando yake.

Jua lilipiga kwenye vitambaa vya viti.

"Kwa nini ulisema imeungua?" aliuliza mkewe.

"Ningesemaje? Hapa wanaojua rota inakaa wapi ni watatu. Mmoja nilikuwa mimi, mmoja alikuwa anazungusha ufunguo."

"Baba watoto, begi langu..."

"Najua."

"Hujui."

"Najua, mama watoto. Begi la baridi halina uzito wa pasi." Alikuwa anaangalia mikono yake. "Na ukuta wa gereji ni bati. Nilikuwa chini ya gari siku ile unazungumza na mtoto. Nilikusikia neno kwa neno. Nikakaa chini kule mpaka jioni na hakukuwa na kitu cha kutengeneza."

Mama Turubai aligeuka akamtazama. "Ulijua? Tangu tunaondoka ulijua, na bado kazi yako simama, simama?"

"Ndio maana! Ulisema injini ikiiharibu. Nikasema haitaiharibu, nitaisikiliza njia nzima. Hata twiga sikumwona. Niliogopa, mama watoto. Kila kitu kilikuwa kinagonga."

Mama Turubai alitaka kucheka, akajikuta analia. Alimpiga bega kwa ngumi, mara mbili, si kwa utani. "Na jana? 'Nakuja'! Hata kikombe hukuweka chini!"

"Mdomo umezoea," alisema Fundi, na sauti yake ikapasuka. "Nilishasema kabla sijajua nimesema. Usiku kucha nilitafuta namna ya kulirudisha lile neno. Sikuipata. Wewe uliipata kwa vibanio viwili."

Mkewe alikuwa anataka kumjibu, lakini nje askari alinyoosha kiganja chake kuelekea kwao, akakishusha taratibu: msitoke, msipige kelele. Akarudi nyuma mpaka jikoni akamvuta Mwalimu ndani.

Tembo walitoka kwenye vichaka bila taarifa. Wa kwanza alikuwa jike zee lenye sikio lililochanika, nyuma yake wengine, na watoto katikati yao. Walikuja kwenye tangi la maji, na gari lilikuwa limesimama njiani mwao, kwa hiyo walilizunguka, wengine kushoto, wengine kulia. Ngozi zao zilipita karibu na vioo kiasi cha kuona matope yamekauka kwenye mikunjo. Ndama mmoja aliupapasa mlango kwa mkonga, akaunusa, akapiga chafya, akakimbilia kwa mama yake. Gari likatikisika kidogo.

Mama Turubai hakuwa anawatazama tembo. Alikuwa anamtazama mumewe. Fundi alikuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, mdomo wazi, na machozi yanamteremka bila yeye kuyajua.

"Sikiliza," alinong'ona. "Sikiliza, mama watoto. Mzigo wote ule unatembea, na hakuna kinachogonga."

Akautafuta mkono wa mkewe bila kuangalia, akaupata, na hakuuachia mpaka tembo wa mwisho alipokunywa na kuondoka.

Gari la vyakula lilifika kesho yake, na dereva wake akatoa rota mpya kwenye bahasha. Fundi akampa Polepole aifunge mwenyewe, akasimama pembeni.

"Na basi?" aliuliza. "Limelala barabarani?"

"Basi? Lilishaondoka, Fundi. Jana hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Wenzako walipoona huji walikaa chini wakalipekua, kumbe ni pampu ya mafuta. Wamelitengeneza vizuri tu."

Polepole aliposikia hivyo aliinamia boneti zaidi ya ilivyohitajika. Mama Turubai akamwona mumewe akipokea habari ile. Alitegemea ataumia, na aliumia, shavu lilimcheza. Lakini kilichofuata hakukitegemea. Fundi alikaa juu ya ngazi ya gari, akamwita.

"Wangeweza," alisema. "Kila mara, wangeweza. Ile ya harusi ya mdogo wako. Hata lile basi la fungate, alikuwepo utingo mwenye spana. Mimi nilidhani bila mimi vitu havitembei." Akapangusa uso kwa kiwiko. "Nilikuchelewesha bure, mke wangu. Nisamehe."

Hakuwahi kumwomba radhi kwa jambo hilo, kwa sababu hakuwahi kuona kama ni kosa. Mama Turubai alikaa kando yake kwenye ngazi. Alikuwa na maneno mengi aliyoyaweka akiba kwa siku kama hii, makali, mengine yamenolewa kwa miaka. Akayatafuta akaona hayana kazi tena. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini nisiulizwe tena mpaka kesho, bado nina kinyongo kidogo." Fundi akacheka, na yeye akacheka.

Walitokea upande wa pili wa mbuga na kushika lami. Mama Turubai alikaa dirishani na begi lake zito miguuni, na njiani kote alikuwa na siri mpya: alikuwa ameamua kutoshuka. Atamsalimia binti, atamkumbatia, ataomba maji ya kunywa, atapanda tena kiti chake na kurudi nyumbani na mume wake. Atamwambia baadaye, wakiwa wamefika, ili asijivune.

Polepole alisimamisha gari kwenye mtaa wenye nyumba za ghorofa moja moja, mbele ya geti la bluu. "Tunapumzika kidogo hapa. Mama, msalimie binti."

Kabla hajasimama, Fundi alikuwa ameshateremka. Aliingiza mkono chini ya kiti akavuta begi la mkewe, kisha akavuta lake, akaweka moja kwenye kila bega, akapinda mgongo.

"Unakwenda wapi na mizigo?" alimuuliza.

"Kwa mwanangu. Wewe huji?"

"Baba watoto, nilikuwa nimeamua kurudi na wewe. Sikutaka kukwambia. Rudisha mabegi, utachelewa kazini."

"Kazini nimeaga. Jana nilipanda kile kichuguu." Alihema kwa uzito wa pasi. "Kurudi tutarudi, siku utakayotaka wewe. Lakini kwanza tufike. Hatujawahi kufika mahali, mimi na wewe, kwa wakati mmoja."

Mama Turubai alisimama kidogo kwenye ngazi ya gari. Akateremka. Akalishika begi upande mmoja ili limpungukie, wakavuka mtaa wakigongana magoti, akabisha geti.

Binti alifungua akiwa na ufagio mkononi. Alimwona mama yake, akamrukia shingoni, na kwa mazoea ya maisha yake yote, akiwa bado amemkumbatia, akauliza, "Baba je, atakuja li..." Halafu macho yake yakapita juu ya bega la mama yake, na hakulimalizia swali lile.